Adapta Isiyo na Kofia

Mtaa mzima ulimwita Kofia, ingawa hakuna aliyewahi kumwona amevaa kofia. Jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu akija dukani kwake kununua adapta ya waifai, kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye kompyuta ili ishike intaneti, hakumpa hivi hivi. Alikitoa kwenye kifuko chake, akapitisha wembe kwenye mshono wa plastiki, akakipasua polepole kama anayemenya karanga, kisha akamgeuzia mteja aone ndani.

"Unaliona hili bati? Hii ndiyo kofia yake. Imefunika ubongo wa kidude, na pembe zote zimelehemiwa. Kisichovaa kofia ni mhuni tu, kinapiga kelele njia nzima. Kwangu hukipati."

Akapuliza vumbi, akakibana tena kwa tone la gundi, akamkabidhi. Watu waliondoka wakijiona wamenunua dhahabu. Wengine walirudi na shangazi zao ili nao waonyeshwe.

Ikatokea mzigo mmoja ukamjia mbovu. Alipasua cha kwanza, hakuna bati. Akapasua kingine, hakuna. Kilichofuata kilikuwa nalo, lakini limewekwa juu juu bila kulehemiwa, ukikitikisa linacheza kama jino la mtoto. Vyote akavitupia kwenye kopo la rangi chini ya meza, asimuuzie mtu. Hapo alikuwa mwaminifu, tusimsingizie. Ila binti yake aliponung'unika kwamba masomo yake ya kompyuta yanakatika katika, Kofia aliinama, akachukua kimoja kutoka kwenye kopo lile lile, akakitia mfukoni. Nyumbani nani atakagua? Kinawaka, kinashika, yatosha. Mganga hajigangi.

Sebuleni alikichomeka kwenye waya wa kurefushia uliotoka kwenye kompyuta, akaupitisha waya nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, akakibandika kidude ukutani, kando ya dirisha, ambako intaneti ilishika vizuri. Kiti kile hakikukaliwa na mtu mwingine. Kilikuwa na mto alioushona mwenyewe kwa vipande vya nguo za marehemu mumewe, na mkono wa kulia wa kiti ulikuwa umelainika kwa kushikwa. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilisaidiwa na kifaa kidogo cha kusikia, cha rangi ya ngozi, alichokivaa asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Alikuwa mama wa maneno machache na macho mengi, na furaha yake kubwa ilikuwa kukaa pale akishona vifungo huku mjukuu wake akisoma kwa sauti.

Haikupita wiki, akasema, "Kuna nyuki ndani ya ukuta."

Binti yake, mke wa Kofia, akaweka sikio ukutani. Kimya. "Mama, hamna kitu."

"Wamo. Mtoto akifungua masomo wanaamka. Akifunga, wanalala."

Mtu na mama mkwe wake hawataniani, na Kofia alilijua hilo. Lakini siku hiyo ulimi uliteleza. "Labda ni nyuki wasomi, mama."

Sebule nzima ikacheka. Mke wake alicheka hadi akashika mbavu. Mama mkwe naye alicheka kidogo, kicheko cha mgeni asiyetaka kuharibu mazungumzo ya wenyeji, akarudi kwenye vifungo vyake.

Tangu hapo hakuwataja nyuki mara kwa mara, ila alianza kukivua kifaa kila akiingia sebuleni. Ukimsalimu haitikii. Ukimpa chai mpaka umguse bega. Baadaye akakiburuta kiti chake mpaka kwenye ujia, akawa anashonea kwenye mwanga hafifu, akijichoma sindano. Mkewe Kofia akampigia simu kaka yake mkubwa, mpima ardhi, mtu wa kukata maneno. "Kaka, mama akili zinaanza kumtoka. Anasikia vitu." Kaka akajibu kwamba Jumapili atakuja kumchukua. Kwake kulikuwa na chumba cha uani na mtu wa kumwangalia.

Mama mkwe alipoambiwa, alimtazama mjukuu wake, akasema, "Haya." Akaanza kukunja nguo.

Ijumaa, Kofia alikuwa dukani akisikiliza mpira kwenye redio yake kuukuu. Akatoa adapta moja kwenye lile kopo, akitaka kuona kama ncha yake ingefaa kwa kazi nyingine. Akaichomeka kwenye kompyuta ya duka, kando ya redio. Redio ikatoa mvumo, zzzz, kama mzinga uliopigwa teke, mtangazaji akamezwa humo humo. Akaichomoa. Mtangazaji akarudi, bao limeshafungwa. Akachomeka tena. Nyuki.

Kofia alikaa chini, juu ya lile kopo. Miaka yote aliwaambia watu kwamba kisicho na kofia kinapiga kelele, lakini kwake yale yalikuwa maneno ya kuuzia. Hakuwahi kuwaza kwamba kelele hizo zingeweza kuingia kwenye sikio la mtu. Akakumbuka, mtoto akifungua masomo wanaamka. Akakumbuka na kile kicheko cha mgeni. Uso ukamwaka moto peke yake dukani, bila mtu wa kumtazama.

Angeweza kufunga duka na kwenda kusema siku ile ile. Hakwenda. Utamwambiaje mama mkwe wako kwamba wewe ndiye uliyemtia nyuki sikioni, kisha ukamcheka? Jumamosi asubuhi, wote walipokuwa nje wanaanika nguo, alichomoa kile kidude, akakitia mfukoni, akabandika kipya kutoka rafu ya wateja. Akajiambia kwamba kelele zikikoma, maneno nayo yatakoma.

Jumapili mchana kaka mtu akafika. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Wakamkuta mama amekirudisha kiti sebuleni, kifaa kiko sikioni, anamsikiliza mjukuu akisoma, na uso wake umefunguka.

"Nyuki wamehama," aliwaambia. "Tangu jana sijawasikia."

Mpima ardhi akamgeukia dada yake. "Si unasikia mwenyewe? Juzi wamo ukutani, leo wamehama. Kesho watakuwa simba."

"Kaka, taratibu," mke wa Kofia akasema, macho yamemjaa machozi. "Mama, twende tu upumzike."

Ile furaha ikamtoka usoni. Aliwatazama mmoja mmoja, hata mjukuu, ambaye aliinamia kitabu. "Basi na mimi sijui," akasema polepole. "Huenda hawakuwapo." Akapeleka mkono sikioni akivue kifaa.

Kofia aliyasikia maneno hayo yakimkata kuliko tusi. "Shemeji, weka begi chini," akasema. Akakitoa kile kidude mfukoni, akakiweka mezani. "Nyuki ni hawa."

Akaeleza, huku akiangalia sakafu. Shemeji yake alisikiliza amekunja mikono.

"Usimtetee kwa kuwa ni mkweo."

"Jaribu mwenyewe. Mama ageukie mlangoni."

Mama akageuka. Mpima ardhi akashika waya, akawa anachomeka na kuchomoa kile kidude kibovu, mjukuu akifungua masomo kwenye kompyuta.

"Wamo," mama akasema, amewapa mgongo. "Wamenyamaza. Wamo tena." Mpima ardhi akakichomoa, akaugonga waya kana kwamba anachomeka. "Hapo unanihadaa, mwanangu. Hujachomeka."

Mpima ardhi akakaa juu ya begi.

Mama mkwe aligeuka. "Mkwe, ulipokileta hapa, ulijua hakina kofia?"

Hakuna aliyejua habari za lile kopo ila yeye. "Nilijua, mama."

"Wateja huwauzii hivi."

"Siwauzii."

"Na nyuki umewajua lini?"

"Ijumaa."

"Leo Jumapili."

"Niliona haya, mama."

"Na mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba nimechanganyikiwa," akasema. "Nimekunja nguo zangu nikiamini."

Kofia akaanza kuomba radhi. Mama akakivua kifaa, akakipangusa, akakiweka mapajani juu ya kitambaa. "Endelea tu, baba," akasema kwa upole. "Nimelipumzisha sikio kidogo."

Basi akaendelea. Kwa mkewe kila neno lilifika, kwa shemeji yake na kwa binti yake pia, ila kwa yule aliyeambiwa halikufika hata moja. Alipomaliza, mama akakivaa kifaa.

"Hiki kipya, umekifungua ukakitazama?"

"Bado, mama."

"Nifungulie nione. Kama unavyomfungulia mtu wa njiani."

Wembe ulipatikana kwenye kikapu cha vifungo. Kofia akakipasua kile kipya, wembe ukateleza ukaikwaruza plastiki. Mama akakivuta karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye bati, pembe baada ya pembe, kama anayekagua mapindo.

"Kifunge," akasema.

Mpima ardhi aliinuka, akalirudisha begi chumbani. Mjukuu akafungua kitabu. Kofia akajipapasa mifuko yote; gundi ilikuwa dukani. Akakibana kidude kwa vidole, akakichomeka, akasimama pale ukutani nyuma ya kiti akiwa amekishikilia kisiachane, huku mtoto akisoma na mama akitunga uzi kwenye sindano. Hakuna aliyemwambia akae.