Kutu ya Babu

"Nipe, Mama."

"Sikupi."

Binti alipiga meza kwa kiganja, na vumbi la kutu la wiki nzima likaruka, likaelea kati yao, jekundu ndani ya mwale wa jua ulioingia kwa dirisha la karakana. Maneno yakapita humo, yakienda na kurudi. Nipe. Sikupi. Ni yangu. Ni yako, na sikupi.

Mkononi mwa Mama mlikuwa na mtutu wa bastola ya marehemu baba yake. Mtutu mtupu, umefunguliwa, hauna mshikio wala risasi, hauzidi urefu wa kiganja. Kitu kidogo hivyo. Naye alikiogopa kama mtu anavyoogopa simu inayolia alfajiri.

Wiki nzima waliufanyia kazi pamoja, na ilikuwa wiki ya raha. Mama ni fundi wa kukereza vyuma kiwandani, na karakana hii nyuma ya nyumba ni yake. Binti ni mpiga shabaha wa klabu, ana kibali na kocha na maringo. Ndani ya mtutu mlikwaruza kama ulimi wa paka. Basi brashi ya shaba ikaingia, ikatoka. Kitambaa kikaingia cheupe, kikatoka chekundu. Kikaingia, kikatoka kahawia. Kikaingia, kikatoka kijivu. Mikono yao ilinuka mafuta ya taa hata mezani, na baba mtu akalalamika kwamba anakula na majiko mawili.

Leo, baada ya chai, kitambaa kiliingia cheupe, kikatoka cheupe. Binti akapiga kigelegele.

Mama akauinua mtutu dirishani, akafumba jicho moja. Mwanga uliingia upande huu, ukashika mifereji ya ndani, ukazunguka nayo, ukateremka ukicheza. Kisha, kabla ya kutoka upande ule, mwanga ukajikwaa.

Pete. Pete nyeusi, nyembamba kama unywele, imeuzunguka mtutu kwa ndani.

Kigelegele kilikuwa hakijaisha. Mama alikuwa ameshaufumbata mtutu kifuani.

Maana pete ile aliijua. Zamani, siku isiyo na shahidi, risasi moja ilikwama humo, nyingine ikaifuata kwa nyuma. Chuma kikavimba. Hakikupasuka, kilivimba tu, kikakaa na uvimbe wake kimya kama mtu mwenye siri ya ugonjwa. Siku ile kilivumilia. Kingevumilia tena? Hakuna fundi aliyezaliwa wa kujibu hilo.

"Kwa hiyo wiki nzima tulikuwa tunasugua nini?"

"Tulikuwa tunasugua ili tuone. Tumeona."

"Unang'aa, Mama! Jitazame humo, utaona hadi uzee wako."

"Unang'aa, na ni mbovu. Hata jino bovu hung'aa."

"Moja tu. Napiga risasi moja, halafu natundika ukutani. Nimeshawaambia wenzangu klabuni, saa hizi wananingoja."

"Hiyo moja ndiyo inayotosha."

Mkono wa kulia wa binti ulikuwa juu ya meza. Mama hakutaka kuutazama, akautazama. Mkono alioufundisha kushika kijiko, kisha penseli, kisha sindano. Una kovu dogo la pasi juu ya kidole gumba. Aliuona umenyooshwa mbele ya shabaha, umetulia, umeamini. Akausikia mlio. Akafumba macho, na kufumba hakukusaidia, kwa sababu picha ilikuwa upande wa ndani.

"Unaogopa," binti akamwambia, kama anayemtukana.

"Naogopa, ndiyo. Nikikuogopea wewe nimekosa nini? Majuto ni mjukuu, mwanangu."

"Mjukuu ni mimi, na sijuti."

Hapo ilibaki kidogo wacheke. Hawakucheka. Vumbi lilikuwa linashuka polepole, linatua juu ya meza, juu ya tupa, juu ya mikono.

Binti akavuta kigoda, akakaa, akabadilisha njia. Sauti ikawa laini, sauti ya kuombea ruhusa tangu utotoni. Babu alimwita mke wangu. Na bastola, alisema, ni mahari yako, nisipokuoa ahera utairudisha. "Masikini mume wangu," binti akasema. "Kila kitu nyumba hii alikipaka mafuta. Bawaba. Cherehani. Baiskeli isiyo na magurudumu, Mama, akaipaka mafuta! Mahari yangu tu ndiyo akaisahau."

Mama akageuka.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la mafuta."

Hakungoja arudie. Alikuwa anamwona mzee na kikopo chake chenye mdomo mrefu, akizunguka nyumba kila Jumamosi, akitia tone hapa, tone pale, mpaka mlango wa choo ukawa haulii na watu wakafumaniana. Mzee yule asahau? Mzee yule aache chuma kiliwe, chuma alichokipenda kuliko vyote?

Hakusahau. Kidole chake kilikuwa kimeshapita juu ya ule uvimbe. Kuivunja bastola hakuweza, moyo ulimkatalia. Basi akaiacha bila tone, mwaka baada ya mwaka, iote kutu, ikwaruze, imchukize kila atakayeishika. Kutu ilikuwa kufuli yake.

Na wao wawili, kwa brashi na kitambaa, wakicheka, walikuwa wameifungua.

Sasa ndipo Mama alipoogopa hasa. Kabla ya wiki hii ile bastola ilijikataza yenyewe. Leo inang'aa, inaita. Aifungie kabatini? Ufunguo huonekana. Asipoishika huyu leo, ataishika wakati Mama yuko zamu. Asipoishika huyu, ataishika mtoto wake, atatazama ndani, ataona kioo, atasema, mbona nzima.

"Lete kidole."

"Mama, mimi..."

"Kidole nimesema."

Akakishika kile kidole cha mkono wa kulia, akakipitisha juu ya mtutu kwa nje, taratibu. Laini. Laini. Laini. Kisha kitu, kidogo, kama punje ya mtama chini ya shuka. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma chenyewe, kikaja tena. Kikasimama palepale.

Midomo ya binti ilianza kutetemeka, kama zamani kabla ya sindano.

Mchelea mwana kulia. Basi na alie.

Mama akaubana mtutu kwenye jiriwa, akakaza, akachukua msumeno wa chuma. "Kesho tunavipeleka vipande kituoni kwa polisi, tunawaeleza," alisema, na kabla neno la mwisho halijatua meno ya msumeno yalikuwa yameshaiuma ile pete.

Ukaenda, ukarudi. Nipe, sikupi. Ukaenda, ukarudi. Chuma kililia kilio chembamba, na binti akalia juu yake, na Mama hakumnyamazisha yeyote. Karibu na mwisho, kipande kilipoanza kulegea, mkono wa kulia ukaja kutoka pembeni, ukakishika kisianguke.

Kikakatika. Kilikuwa cha moto. Binti akakirusha toka kiganja hiki hadi kile.

"Sasa ndiyo nimekuwa mjane," alisema, na sauti ikavunjika katikati, nusu kicheko.

Mama alivitazama vidole vile, kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Moyo wake ulikuwa bado unakimbia, haujaambiwa kwamba imekwisha.

Binti akapuliza meza. Vumbi likaruka tena, likaelea kati yao ndani ya jua, na safari hii halikuwa jekundu. Lilikuwa la fedha. Akakiinua kile kipande dirishani, akafumba jicho moja. Mwanga uliingia upande huu, ukatoka upande ule, ukamwangukia shavuni juu ya machozi. Haukujikwaa.