Kikao Kilichorukwa

"Usilitupe. Lilaze," alisema Abdulghafur kutoka juu ya tanuu la chokaa.

Madi, shemeji yake, akalipandisha tumbawe jingine kwa mikono miwili. Abdulghafur akalipokea, akaligeuza mara mbili tatu mpaka likakubali kukaa. Chini ya magoti yake magogo ya mkandaa yalikuwa yamepangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati pameachwa tundu la kutilia moto. Gogo moja likilala vibaya, tanuu zima huinama ubavu, moto ukakimbilia upande mmoja, na nusu ya mawe yakabaki mabichi. Hilo halikuwa limemfika kwa miaka kumi na tisa. Nyumba za mawe za Chundwa, kisiwani Pate, na si chache za Amu, zilipakwa chokaa iliyotoka mikononi mwake.

"Karani ashafika," Madi akasema. "Nimemuona akishuka mashuani. Daftari la kura lenyewe amelifunga kwenye guo kama msahafu."

"Jaafar alitaka lije. Limekuja."

"Na lije. Yeo tutawajua waliotupokonya jabia letu la mai ya mvua. Majina yao yatasomwa mbele ya watu, mmoja mmoja."

Abdulghafur alinyoosha mkono kuomba jiwe jingine.

Ilikuwa mwaka 1957, na kwa miaka minne yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa Chundwa katika baraza la wilaya kule Amu. Hakuwa tajiri, wala hakusoma skuli. Alijua kusoma Kurani na kuandika barua kwa hati za Kiarabu, basi. Watu walimchagua kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na chokaa yake haikuwa na mchanga. Sasa muda wake ulikuwa umekwisha, na Bwana Jaafar, mwenye duka la nguo, alikitaka kile kiti. Jaafar hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: mtu wetu huenda Amu mara nne kwa mwaka, je, huko hufanya nini? Kisha akamwandikia barua mudir, ofisa wa serikali wa eneo lile, akiomba daftari la kura lisomwe Chundwa kabla ya watu kuchagua. Mudir akaafiki.

Baada ya sala ya alasiri uwanja wa mbele ya msikiti ulijaa. Wanaume walikaa mikekani. Wanawake walikaa nyuma ya ukuta wa makuti wa nyumba ya jirani, na Abdulghafur alijua kwamba mkewe, Umulkheir, yumo miongoni mwao, maana aliisikia sauti yake ikimnyamazisha mtu. Mudir alikaa kitini. Kando yake, kwenye meza iliyotolewa madrasani, alikaa karani wa baraza, Bwana Abdulhalim, kijana wa nyumba za kale za Amu, mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama.

Daftari lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Abdulhalim aliinama, akawa anasoma kimoyomoyo kisha anasema kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Mjumbe wa Chundwa, Abdulghafur bin Hamdun. Vikao kumi na sita. Amehudhuria kumi na tano. Kikao asichohudhuria, udhuru umeandikwa: amefiwa na mamake."

Watu wakanong'ona rehema.

"Hoja ya ushuru wa samaki wakavu. Mjumbe wa Chundwa amekataa. Hoja imepita. Imeletwa tena mwaka wa pili, iongezwe. Amekataa. Haikupita. Hoja ya dresa wa hospitali, mtibu vidonda, kuja kisiwani Pate mara mbili kwa mwezi. Aliyeileta ni mjumbe wa Chundwa. Imepita."

"Dresa yule?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma. "Huyo ni yeye aliyemleta?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," karani akasema. "Hoja ya matangazo ya serikali kusomwa kwa Kiswahili katika kila mji. Aliyeileta ni mjumbe wa Chundwa. Imeshindwa. Ameileta tena. Imeshindwa. Ameileta mara ya tatu." Hapo Abdulhalim aliinua macho, kama mtu anayetaka kutabasamu na hadhi ya kazi yake inamzuia. "Imepita."

Kicheko kikapita mikekani. Abdulghafur alikaa ametazama chini. Alihisi kitu kikimpanda kifuani, kitu chenye joto, na kwa kuwa hakukizoea alikaribia kukionea haya. Hakuwahi kuyasikia mambo yake yamepangwa hivyo, moja baada ya jingine. Yeye aliyakumbuka kwa njia yake: kila kikao alikijua kwa tanuu alilokuwa akichoma mwezi ule. Kura ya ushuru ilikuwa tanuu lililonyeshewa. Kura ya dresa ilikuwa tanuu la chokaa ya msikiti. Alifuatana na karani kikao kwa kikao, kichwani mwake, kama mtu anayefuata aya anayoijua.

Kwa hiyo karani alipofika ukurasa fulani akasita, Abdulghafur alijua ni upi. Alimwona akiusoma mpaka chini. Alimwona akimtupia jicho. Kisha Abdulhalim akalamba kidole, akafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Hoja ya gati," akaendelea kwa sauti ile ile.

Hakuna aliyetambua. Watu walikuwa tayari wamegeukia upande wa Abdulghafur. Bwana Jaafar mwenyewe alikuwa akitikisa kichwa polepole, kwa heshima, kama mfanyabiashara aliyeiona mali ya mwenziwe ni nzuri. Zilibaki hoja nne tu. Abdulghafur alisikia ya gati, akasikia ya mkunga, na maneno hayakumwingia. Alichohitaji ni kukaa tu. Kukaa si kusema uwongo. Lakini alijua pia kwamba akikaa, sifa zote zile zilizosomwa, hata zile za haki, zitakuwa si zake.

Akasimama.

"Bwana karani, samahani. Kuna kikao umekiruka."

Abdulhalim akagusa ukingo wa daftari. "Kurasa zimeshikana, Bwana Abdulghafur. Si neno kubwa."

"Zibandue, tafadhali. Kisome."

Mudir alimtazama karani, kisha akamwashiria asome. Karani akarudi nyuma. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo, na watu walilazimika kunyamaza ili waisikie.

"Hoja ya jabia. Fungu lililopo linatosha jabia moja la kukinga mai ya mvua. Lijengwe Chundwa au lijengwe kisiwani Ndau. Mjumbe wa Chundwa amesema kwa kirefu kuwaombea watu wa Chundwa. Kisha kura zimepigwa kwa mikono. Chundwa, kura nne. Ndau, kura tano." Akashusha kidole mstarini. "Walioinua mikono kwa Ndau..." Akasoma majina manne, ya watu wa Amu na wa bara. Kisha la tano. "Abdulghafur bin Hamdun, wa Chundwa."

Madi ndiye aliyesimama kwanza. Kwa miaka miwili alikuwa akiwalaani watu wa Amu kwa ajili ya jabia lile, dukani, bandarini, kwenye tanuu. Abdulghafur alikuwa akimsikiliza.

"Mkono ule ulikuwa wako?"

"Wangu."

"Tulikutuma uombe mai."

"Mlinituma, na niliomba. Neno lenu nililisema lote, daftari limesema. Lakini kabla ya kikao nilikwenda Ndau kutafuta magogo. Kisima chao kilikuwa kimegeuka chumvi kabisa. Mai wakiyaleta kwa mashua kutoka bara, na bahari ikichafuka hawayapati. Niliomba mai ya kunywa, mwenye nyumba akanipa kikombe, na wanawe wakakaa kukitazama kikombe." Akawatazama watu. "Sisi tuna visima vitatu. Vina chumvi kidogo, navijua, nakunywa humo. Mwenyekiti alipouliza Chundwa, mkono wangu haukuinuka. Alipouliza Ndau, uliinuka."

"Na kwa nini hukutwambia?" Hilo alilisema Jaafar, taratibu, bila dhihaka.

"Niliwaogopa. Mkono ule siujutii, na kesho nikiulizwa tena nitauinua. Lakini miaka miwili niliyonyamaza, nikawaacha watu wengine watukanwe kwa kura yangu, hiyo nimewakosea. Nawataka radhi."

Alikaa. Nyuma ya ukuta wa makuti wanawake walikuwa kimya, na kimya kile kilimuuma kuliko maneno ya Madi, maana wao ndio waliokuwa wakibeba mitungi.

Mudir akaamuru watu wachague. Anayemtaka Jaafar asimame nyuma yake upande wa msikiti, anayemtaka Abdulghafur asimame upande wa minazi. Kulikuwa na vumbi na kusukumana, na wengine walianza mstari huu wakaishia ule. Madi alisimama katikati peke yake muda mrefu, akapangusa uso kwa kilemba, kisha akaenda kwa Jaafar. Mzee Amini, ambaye ni binamu wa Jaafar na alikuwa amemwahidi tangu mwezi uliopita, aliiokota fimbo yake, akavuka uwanja wote pole pole, akaja kusimama upande wa minazi bila kueleza lolote.

Karani alihesabu mara mbili. Jaafar, sitini na tatu. Abdulghafur, hamsini na tisa.

Abdulghafur aligeuka kuutazama mstari wake. Alidhani atahisi aibu. Badala yake aliwaona watu hamsini na tisa, na hakuna hata mmoja wao aliyedanganywa. Wote walikuwa wamesikia ukurasa ule. Miaka minne nyuma walimchagua watu mia, na hakuwahi kujiona na watu wengi kama alivyojiona jioni ile. Alinyoosha mgongo wake, mgongo wa mbeba mawe, akaenda kumpa Jaafar mkono.

Nyumbani Umulkheir alikuwa amekwisha kuteka. Mitungi miwili ilikuwa mlangoni, na kanga yake imelowa begani.

"Baba Khairiya," alisema, "kutoka hapa mpaka kisimani wajua ni hatua ngapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Miaka miwili nazihesabu. Mkono ule ulipouinua, ulikuwa umeyabeba mabega yangu, na hukuniuliza."

"Sikukuuliza, Mama Khairiya."

Alimimina maji ya mtungi wa kwanza kwenye kasiki, taratibu, asimwage hata tone. Kisha akasema bila kumtazama, "Ungeniuliza ningekwambia ufanye lilo hilo." Akaushika mtungi wa pili. "Wanawake wa kule ukutani walinigeukia wote. Nikawaambia ndiyo, huyo ni mume wangu. Nilisema kwa sauti."

Asubuhi yake Abdulghafur alirudi kwenye tanuu. Madi alikuwapo kabla yake, amekwisha kusogeza mawe karibu na magogo. Madi alipandisha, Abdulghafur akalaza, na jua lilipopanda mawe ya juu yalikuwa yameshikana vizuri pande zote.

Bwana Jaafar alikuja kwa njia ya pwani, viatu mkononi. Alisalimia, akasimama akilitazama tanuu kama mtu asiyejua aanzie wapi.

"Kikao cha kwanza ni mwezi ujao," alisema. "Bwana, mimi sijapata kuingia mle. Mtu akitaka kusema, hufanyaje?"

Abdulghafur alishuka, akajipangusa vumbi. "Husimami mpaka mwenyekiti akutaje. Na wakati wa kura usimtazame mwenzio. Inua mkono wako, uache pale pale mpaka jina lako liandikwe."

"Hivi?"

"Juu zaidi. Chumba kile ni kirefu, na karani hukaa mwisho."

Jaafar akaunyoosha mkono mpaka upindo wa kikoi ukaonekana chini ya kanzu. Madi aliliweka chini jiwe alilokuwa amelibeba, akatazama. Hakuna aliyecheka. Upepo wa pwani uliipeperusha mikono ya kanzu ya mjumbe mpya, na Jaafar akaendelea kuuacha mkono wake juu, akingoja kuambiwa inatosha.