Foleni Isiyotaka Kuulizwa

Wali wa mchana umemlemea Siwatu, kichwa kinashuka mezani, kinashuka kuipita meza, na sakafu ya ofisi inamfungukia kama pazia. Tangu juzi anapambana na chombo chake cha kusaka hitilafu. Chombo kinajua kuisimamisha programu katikati ya kazi ili fundi aitazame ndani, basi, kutazama tu. Yeye anataka fundi aweze kuiandikia amri hapo hapo iliposimama, nayo ijibu. Anakijaribia kwenye programu ya foleni ya zahanati, ambayo tangu hiyo juzi inaruka wagonjwa, na leo shangazi yake Hidaya yuko foleni hiyo na mguu uliovimba. Sasa Siwatu yuko barabarani, barabara haina mwisho, kushoto vioo, kulia vioo, na ndani ya kila kioo umo mji huu huu, na katika mji huu kila kitu kimesimama. Mchoma mahindi ameinua upepeo, cheche zimeganda hewani. Kwenye mabenchi wamekaa wagonjwa, wa mbele kabisa ni shangazi Hidaya, mdomo wazi kwa neno ambalo halijatoka. Mlangoni pa zahanati kasimama mtu asiye na uso.

Huyu shangazi yangu mbona haitwi, anauliza Siwatu.

Macho unayo, tazama.

Nimetazama mpaka yananiwasha. Mimi nataka kuuliza.

Anayegonga ili ajue kama kuna mtu, anasema asiye na uso, ameshamwamsha.

Siwatu anasonya. Nyie wa huku kujibu kama watu hamjui? Haya, nani anafuata?

Hidaya binti Salehe.

Na jina likitoka tu, benchi la mbele ni tupu. Barabara inajikunja, inajikunjua, foleni ni ile ile bila shangazi. Nani anafuata, anauliza tena, kwa hasira, na mzee wa kikohozi anatoweka. Nani anafuata, na mama mwenye pacha anatoweka. Anakimbia, barabara inamrudisha mlango ule ule, na huko nyuma kabisa, mwisho wa foleni, shangazi anachechemea kutafuta pa kukaa.

Wewe mtoto, anasema shangazi, tangu unanyonya ni maswali tu. Kila ukiniulizia naitwa, nikiingia daktari kaganda kama nguzo, natolewa nje nikaanze upya. Tangu juzi ni wewe?

Siwatu anakosa pa kuuweka uso. Nifanyeje sasa, shangazi?

Waulize wale, anasema shangazi, akinyoosha kidole kwenye kioo.

Anakiuliza kioo nani anafuata. Hidaya wa kwenye kioo, ambaye bado yuko benchi la mbele, anainuka, anatoweka. Shangazi kabaki kwenye benchi, anaukanda mguu.

Siwatu. Siwatu, amka bwana. Ni Shekue, mwenzake wa meza ya pili, ameinamia kibodi. Umelala programu imesimama. Ngoja niijaribu amri yako, niiulize nani anafuata.

Usiguse. Tutainakili foleni kwanza, tuulize nakala.

Nabonyeza mara moja tu, dada.

Siwatu anaukamata mkono wa Shekue. Ni wa baridi, laini, baridi ya kioo. Dirisha liko nyuma ya Shekue, mwanga ni mkali, na hata akikaza macho namna gani, uso wake hauonekani.