Mwadhini Aliyeogopa Maji

Ramadhani ya mwaka 1992 iliingia pamoja na masika, na mtaa wa Biryogo, mjini Kigali, ukawa unaamka ndani ya ukungu mweupe. Habumugisha, mwadhini wa msikiti mdogo pale mtaani, alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa mara ya kwanza maishani akaanza kuogopa maji.

Ilianza kwa kuungua kidogo akikojoa. Kisha kila saa yuko chooni, na kinachotoka ni matone. Akishatawadha, kabla hajavua viatu msikitini anahisi tone jingine. Anarudi, anatawadha upya. Akikaa kwenye mkeka ni kama amekalia jiwe. Hakumwambia mtu. Aliamini ugonjwa wa huko una jina moja tu midomoni mwa watu, tena jina la aibu. Basi jioni akawa anafuturu kwa tende moja na funda moja la maji, ili asipate cha kukojoa.

Siku ya tisa homa ilimlaza. Alisikia adhana ya adhuhuri ikitoka mbali, akadhani ni sauti yake imeondoka bila yeye. Mabati ya paa yalikuwa yanapumua. Vilima vya Kigali vilikuja kimoja kimoja vikasimama mlangoni, vimevaa kanzu, vikingoja avipange safu.

Mkewe, Mukandekezi, alimwekea kiganja usoni. "Baba Kaliza, unawaka. Iko nini?"

"Naona haya."

"Haya haitibu kitu. Sema."

Akasema, uso ameuelekeza ukutani. Alingoja aulizwe alikuwa kwa mwanamke gani. Mukandekezi aliuliza tu viatu vyake viko wapi.

Mkewe alimsindikiza. Zahanati ya Rwezamenyo haikuwa mbali, lakini njia ilikuwa laini chini ya miguu yake, kama anatembea juu ya pamba. Muuguzi alikuwa Athanasie, mama wa makamo mwenye rozari shingoni.

"Mzee, mkojo unatoka wote?"

"Kidogo kidogo. Unaungua."

"Maumivu ni mbele au nyuma?"

"Katikati. Siwezi kukaa."

Walichukua mkojo wake, na daktari akampima kwa kidole njia ya nyuma, polepole sana. Kisha Athanasie akaketi karibu naye. "Chini ya kibofu mwanamume ana tezi. Tunaona yako imeingiwa na vidudu, imevimba, inabana njia."

"Ni ugonjwa wa zinaa?"

"Mara nyingine huletwa na hayo. Mara nyingi ni vidudu vya tumboni tu, na wako unaelekea huko. Vidonge hivi, asubuhi na jioni, wiki nne. Baada ya siku chache utajiona mzima, usiache. Mkojo ukikataa kabisa, au homa ikizidi, usingoje kesho, nenda hospitali. Na unywe maji mengi."

"Mama, ni Ramadhani."

"Mgonjwa anakula," alijibu Mukandekezi kabla ya muuguzi. "Atalipa baadaye."

Alikunywa kikombe cha kwanza pale pale, mchana kweupe. Maji yalishuka ndani yake kama mtu anayeshuka ngazi akiwasha taa.

Siku ya sita maumivu yalikuwa yamelegea. Alitaka kufunga, akafunika vidonge kwa kofia. Mukandekezi aliinua kofia, akaviweka karibu na kikombe, akasimama hapo mpaka akameza. Idi ilimkuta bado anameza. Wiki ya nne ilipoisha, alikojoa kama kijana, akacheka peke yake chooni.

Mwezi wa sita, vumbi la kiangazi lilipotanda, alianza kulipa siku zake ishirini na moja. Asubuhi ya kwanza alishangaa kuona mkewe naye hanywi chai.

"Mama Kaliza, wewe unafunga nini?"

"Zile siku zangu saba za hedhi. Kila mwaka nalipa."

"Miaka yote hii?"

"Peke yangu," alisema Mukandekezi, akakunja mkeka. "Ni vizuri mwaka huu tuko wawili."