Pua ya Kuazima

Tangu mafua makali yamwondolee uwezo wa kunusa, mzee Wubbo alimkosesha binti yake, Hiske, usingizi. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, anaishi peke yake mjini Groningen, na bado alipikia gesi. Hiske, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda roboti za kutafuta gesi inayovuja ndani ya majengo, alimjia Jumamosi asubuhi na moja ameikumbatia kifuani.

"Umeniletea paka," mzee akasema.

"Paka asiyekula, Baba. Mwache apite tu."

Roboti ikateleza kwa magurudumu yake, ikisimama hapa na pale kuvuta hewa. Ilipofika nyuma ya jiko ikagoma kuondoka, taa yake ikawa nyekundu. Hiske akainama, akanusa, uso ukambadilika. Akafunga koki kuu, akafungua madirisha bila kugusa swichi yoyote, akamtoa baba yake nje na ndara zake miguuni. Fundi alipokuja alikuta mpira wa gesi umepasuka, akaweka mwingine.

Mzee hakutania tena. "Nimelala na hicho kitu muda gani?"

"Usiwaze hayo, Baba. Uko hapa."

Ili moyo wake utulie, Hiske akaizungusha tena roboti nyumba nzima. Jikoni ikapita salama. Chumbani, kando ya kitanda, ikasimama na kuwaka nyekundu. Hiske akakimbilia dirisha.

"Acha," mzee akasema, masikio yamemwiva kwa haya. "Si gesi. Ni marashi ya mama yako. Kila nikitandika, napulizia kidogo kwenye mto wake."

Kumbe spiriti ya marashi ndiyo iliyoihadaa mashine. Hiske akaizima.

"Lakini Baba, wewe husikii harufu."

"Sisikii. Napulizia tu, chumba kisimsahau."

Hiske akaketi kitandani, akauzamisha uso kwenye ule mto, akavuta harufu.

"Yananukiaje?" mzee akauliza taratibu.

"Kama limau lililokatwa sasa hivi. Halafu kwa chini kuna sabuni. Na sweta yake ya kijani, ile ya kwendea kuteleza kwenye barafu."

"Sweta haiwezi kuwamo humo."

"Imo, Baba."

Wubbo akaketi karibu naye, akafumba macho, akamwomba arudie polepole, aanzie kwenye limau.