Kitabu cha Lango

Jumatatu tarehe 16 Oktoba 1995, saa moja na dakika kumi asubuhi, Bwire, mlinzi wa lango, alifunga lango la shule. Kila aliyefika baadaye alimwandika jina, kidato na dakika, kisha akampeleka kung'oa nyasi kando ya uwanja hadi saa mbili na robo.

Saa hiyo Mwalimu Nabiswa alikuwa akifundisha hisabati kidato cha tatu. Mfukoni alikuwa na orodha ya wanafunzi kumi na mmoja ambao, kwa alama zao, wangerudia kidato hicho mwakani. Madam Asenath, naibu wa mwalimu mkuu, alitaka aitie sahihi kufikia Ijumaa, na mbele ya kila jina aandike sababu. Mwenyewe alipendekeza neno moja liwatoshe wote: dhaifu.

Nabiswa hakuridhika. Dhaifu ilikuwa njia nyingine ya kusema wamefeli, na hilo lilikwisha kuandikwa kwenye safu ya alama.

"Wakulima! Mahindi yameota?" msichana mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Fedha aliita kupitia dirishani.

"Njoo upalilie, wewe mama Fedha!" Selpher Ayuma akamjibu kutoka kwenye nyasi.

Darasa likacheka. Nabiswa akachungulia nje, akawahesabu wang'oa nyasi wa kidato chake: tisa. Akatoa orodha. Wote tisa walikuwamo. Viti vitupu alikuwa akiviona kila asubuhi. Hakuwahi kuuliza ni vya nani.

Wakati wa mapumziko alikwenda langoni.

"Mzee Bwire, niazime hicho kitabu."

"Cha nini, mwalimu? Mwaka wa sita huu naandika, hakuna aliyewahi kukisoma."

"Basi hujaandika bure."

Alikisoma hadi kengele ya mwisho. Wale tisa walikuwa wamefungiwa nje si chini ya siku tatu kila wiki, na wote walikaa katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Wawili waliosalia hawakuwahi kuchelewa.

Kisha akafungua daftari lake la alama. Ni yeye aliyewashawishi walimu, Januari 1994, hisabati iwe somo la kwanza kwa kuwa asubuhi akili haijachoka. Mwaka uliotangulia, wastani wa kidato cha tatu ulikuwa 47. Baada ya mabadiliko ulishuka hadi 38, halafu 35. Mara mbili aliandika katika ripoti kwamba wanafunzi wapya hawana msingi.

Alimwita Ayuma.

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mwalimu. Maji hufunguliwa saa kumi na moja na nusu. Mama anakuwa ameshaenda kiwandani, kwa hivyo foleni ni yangu."

"Mtungi mmoja?"

"Mitano. Naondoka nyumbani saa moja kasoro dakika tano. Hata nikikimbia, Bwire ananipata tu."

"Ukirudia kidato?"

"Baba amesema sirudii. Nitaenda kiwandani na mama."

Alisema hivyo bila kulia, na Nabiswa aliandika yale ya maji peke yake, kwa kuwa hilo la baba halikuelezea alama.

Madam Asenath alisoma karatasi ya Nabiswa, iliyoomba hisabati ihamishwe kutoka asubuhi, akiwa amesimama.

"Kwa hivyo wachelewaji sasa tuwape zawadi?"

"Waadhibu saa kumi jioni, Madam. Si katika somo langu."

"Na hiyo asubuhi nani afundishe? Mimi? Nifundishe viti?"

"Hakuna atakayefundisha. Kipindi cha kujisomea kiko saa tano. Kije asubuhi, hisabati iende saa tano. Hakuna mwalimu atakayepoteza somo."

"Si ni wewe uliyeileta asubuhi?"

"Ni mimi. Nilikosea. Takwimu ziko ukurasa wa pili."

Madam aligeuza ukurasa.

"Wiki tano," alisema. "Ijumaa ya tarehe 17 Novemba wafanye mtihani, nitausimamia mwenyewe. Asiyefika arobaini, anarudia, na nisisikie habari za mitungi."

Ratiba ilibadilishwa Jumatano. Nabiswa alianza upya na yale ambayo wale tisa hawakuwahi kufundishwa, na waliokuwa wakiyajua aliwapa kazi ngumu zaidi ili wasikae bure. Wale wawili wasiochelewa aliwapima peke yao, akagundua kwamba hesabu za sehemu zilikuwa zimewapita tangu shule ya msingi.

Mtihani ulifanywa siku iliyopangwa. Saba kati ya wale tisa walipita arobaini. Ayuma alipata 43. Wawili hawakufikisha arobaini, wala wale wawili wa hesabu za sehemu. Nabiswa alitia sahihi majina manne, na mbele ya kila jina akaandika mada ambayo mwanafunzi hajaielewa. Neno dhaifu hakulitumia.

Jumatatu tarehe 8 Januari 1996, Bwire alifungua ukurasa mpya. Jina la kwanza lilikuwa Ayuma Selpher, kidato cha nne, saa moja na dakika ishirini na nne.