Maneno ya Kufumba na Kufumbua

Kompyuta ya Mumbua iliganda siku ya Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, dereva wa lori akiwa ameshaanza kupiga honi nje.

Mwaka ulikuwa 1996. Kampuni ile ililima bamia na karela kwa maji ya mto, nje kidogo ya Kibwezi, na kila jioni mzigo ulipelekwa Nairobi ukapande ndege ya Ulaya. Mumbua, msichana wa Kasikeu mwenye umri wa miaka ishirini na minne, ndiye aliyeingiza kwenye kompyuta majina ya wakulima na uzito wa katoni, kisha akachapisha hati za mzigo. Lori halikuweza kuondoka bila hati, na mboga hazingoji mtu.

Umeme uliyumba. Taa zikafifia, jenereta ikakohoa nyuma ya ofisi, halafu ile orodha aliyokuwa akiichapa ikatoweka. Kioo kikabaki cheusi, na katikati yake kuna maneno matatu ya herufi kubwa nyeupe:

MUMBUA USICHELEWE TENA

Kwanza alitaka kucheka. Alidhani dereva ana njama na mtu. Kisha akalisoma lile neno la mwisho, na hamu ya kucheka ikamwisha. Alibonyeza kitufe hiki na kile. Maneno yalibaki palepale.

"Mzee Mbuvi," aliita, "njoo uone."

Mbuvi, karani wa meza ya pili, alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyezeekea kwenye taipureta kabla ya kufundishwa kompyuta kwa tabu. Alivaa miwani yake, akainama.

"Nani amekuandikia hivi?"

Kabla Mumbua hajajibu, meneja wao, Bwana Kang'ethe, alikuwa ameshatoka ofisini mwake kuuliza hati ziko wapi. Aliona kioo. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani, akazima.

"Ni virusi tu," alisema. "Washa upya, tumechelewa."

"Virusi vinajua jina langu?"

"Mumbua, lori."

Alichapa hati, lori likaondoka. Lakini alikuwa ameuona ule mkono, jinsi ulivyokwenda kwenye swichi bila kusita.

Asubuhi ya pili alikataa kuketi kwenye kompyuta mpaka aelezwe. Kang'ethe alimwita ndani, akafunga mlango, akamsogezea kiti kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa mipango, mtu wa kurudi kutoka Nairobi na kitu kipya kila mwezi. Alimweleza polepole kwamba kuna programu aliyoinunua mwezi wa Machi. Kila baada ya dakika chache inapitisha maneno kwenye kioo, upesi kuliko kufumba na kufumbua. Jicho haliwahi kuyasoma, lakini akili, kwa mujibu wa aliyemuuzia, inayapokea na kuyaweka.

"Ni ya kutia moyo tu," alisema. "Wenzako wanaambiwa ongeza kasi, kazi njema, basi."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mkono wangu wa kulia. Nilitaka uwe na maneno yako, yale yanayokufaa."

"Nani alikwambia yananifaa?"

Kang'ethe alitazama dirishani. "Maneno usiyoyaona yatakuumizaje, Mumbua? Kwani umeumwa?"

Swali hilo lilimfuata mpaka nje. Kuumwa alikuwa ameumwa. Mwezi wa Mei alilazwa siku mbili kwa maumivu ya figo, na Jonah Musyoka, tabibu wa zahanati ya karibu na stendi, alimuuliza kama ana tabia ya kuzuia mkojo. Alikuwa nayo. Aliona ni hasara kuinuka kabla ya kumaliza ukurasa. Chakula cha mchana alikuwa amekiacha. Nyumbani Kasikeu hakuwa amefika tangu Pasaka, na Jumapili baada ya ibada alipita ofisini "kupunguza kidogo". Mwezi wa Juni walimpa blanketi kwa kuwa mfanyakazi bora, wakampigia makofi. Alijivunia sana blanketi lile. Sasa hakujua kama aliyepigiwa makofi ni yeye.

Alikwenda kwa Jonah siku hiyohiyo akamweleza yote. Tabibu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nikikudanganya nitakuwa mbaya kuliko wao," alisema mwishowe. "Sijui. Nikikisia, ningesema maneno ya mwendo huo hayana nguvu kuliko nzi anayepita ukutani. Watu wengi huzuia mkojo bila kompyuta yoyote. Lakini mimi natibu figo, dada. Kilichoko kichwani mwako sina kipimo chake."

Alitoka pale akijua vizuri anakoelekea.

Mtu mmoja tu duniani alilijua lile neno "tena" lilikotoka. Bilha Wariara, binti wa muuza vyuma Waithaka aliyehamia Kibwezi kutoka Murang'a, ndiye aliyemtafutia Mumbua kazi ile. Walipanga vyumba ploti moja, waliimba kwaya moja, na ofisini Bilha alikaa meza ya tatu. Mwaka uliopita, mchana wa siku ya kufunga na kuomba, wakiwa wawili chumbani, Mumbua alimwambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka. Kwamba akiwa na miaka kumi na mitano, babake alishikwa na pumu, naye akatumwa sokoni mbio kuleta dawa. Njiani kulikuwa na mashindano ya mpira wa wavu. Alisimama atazame seti moja, akatazama tatu. Alipofika nyumbani alikuta wanawake wamejaa uani, na mmoja akampokonya ile chupa ya dawa mkononi kwa sababu haikuwa na kazi tena. Bilha alilia naye siku hiyo. Alimshika kichwa akamwombea.

Alimkuta Bilha amekaa mlangoni kwake akichagua maharagwe kwenye ungo. Bilha alimtazama usoni, na ungo ukatulia.

"Amekwambia," Bilha alisema.

"Hajaniambia. Wewe ndiye umeniambia sasa hivi."

"Mumbua, keti."

"Sikai. Alikuuliza nini?"

Bilha aliweka ungo chini. "Aliniuliza ni kitu gani kinakusukuma. Nikadhani anataka kukupandisha cheo. Nikamwambia wewe hutaki kuchelewa, una sababu yako. Akauliza sababu gani."

"Na ukamwambia."

"Nilimwambia kidogo."

"Kidogo gani, Bilha? Kwenye hicho kidogo ulimwacha baba akiwa hai?"

Bilha alianza kulia. Alisema Kang'ethe alimhakikishia kwamba hayadhuru, kwamba ni mafundisho ya kisasa, kwamba hata makanisa ya ng'ambo yanatumia. "Mimi niliyaona kama maombi," alisema. "Kama vile mtu anavyokuombea na wewe hujui, na Mungu anakuinua. Nilitaka uinuke."

Kwa kitambo kidogo Mumbua alikaribia kumwonea huruma. Alimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuwa akisema uongo. Kisha likamjia swali, na alipoliuliza sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Kwenye kompyuta yako kumeandikwa nini?"

Bilha aliuchukua tena ungo.

"Bilha. Mzee Mbuvi anaambiwa ongeza kasi. Mimi naambiwa ya baba yangu. Wewe unaambiwa nini?"

"Yangu haina," Bilha alisema. "Nilimwomba asiiweke."

"Kwa nini?"

"Kichwa changu huuma upesi. Niliogopa."

Mumbua aliingia chumbani kwake, akajifungia. Hakulia. Alichukua lile blanketi la Juni akalikunja, akaliweka nje ya mlango wa Bilha, akarudi. Alimsikia Bilha akiita jina lake mlangoni, akigonga, akiita tena. Mara ya kwanza tangu wajuane, hakumfungulia.

Siku ya tatu alirudi ofisini kuaga. Kang'ethe alimwapia kwamba ameifuta ile programu kwenye kompyuta zote, akataka hata kumwonyesha. Mumbua alisema hakuna haja. Angeonyeshwa nini? Kioo kisicho na kitu ndicho alichokitazama tangu Machi.

Mzee Mbuvi ndiye aliyemsindikiza mpaka getini. Alikuwa amefanya jambo lake kimyakimya. Kompyuta zile zilikuwa na kawaida ya kuchapisha, kila mwisho wa mwezi, idadi ya mistari aliyoingiza kila karani, na karatasi hizo zilitupwa kwenye kabati. Mbuvi alizitoa akalinganisha Januari na Februari, kabla ya programu, na Aprili na Mei, baada yake.

"Idadi ni ileile," alisema. "Yako, yangu, hata ya Bilha. Maneno hayakufanya kitu, mwanangu. Januari ulikuwa unakimbia vilevile. Walikuandikia bure."

Alisema hivyo kumtuliza, na ilikuwa habari njema kweli. Bidii ilikuwa yake. Hata ule mkojo aliuzuia mwenyewe. Miezi yote maneno yalimpita machoni kama upepo.

"Asante, mzee," Mumbua alisema. "Lakini tangu Jumatano nikifumba macho nayaona."

Mbuvi alivua miwani akaifuta kwa shati.

Mumbua alifika Kasikeu mchana, mamake akiwa kwenye kivuli cha ghala akipukuchua mahindi. Mama huyo, Kavata, hakuwa mwepesi wa maneno. Alifurahi kumwona bintiye, akamsogezea kigoda, akampa mahindi apukuchue naye. Mumbua alikuwa amejiambia safari nzima kwamba ni lazima aseme leo. Hadithi yake ilikuwa imeshapita mikono miwili kule Kibwezi. Ingeweza kufika kwa njia yoyote, siku yoyote.

"Mwaitu," alimwita mama kwa Kikamba, kama alivyomwita tangu utotoni. "Siku ile ya baba, duka halikuwa limefungwa."

Mikono ya Kavata iliendelea na kazi.

"Nilikwambia nilikuta Muthama amefunga duka la dawa, nikamngoja. Nilikudanganya. Muthama alikuwa ndani, alinipa dawa mara moja. Nilisimama kutazama mpira."

Punje zilianguka kwenye ungo moja moja, kisha zikaacha kuanguka. Mumbua alingoja matusi. Alingoja hata kofi, na angelipokea.

"Nani mwingine anajua?" Kavata aliuliza.

"Rafiki yangu wa Kibwezi. Bilha. Nilimwambia mwaka jana, naye akamwambia meneja." Akamweleza yaliyotokea, maneno ya kwenye kioo, mkono wa Kang'ethe, karatasi za Mbuvi. Kavata hakuwahi kuona kompyuta, na sehemu hiyo aliiacha impite.

"Mwaka jana," alisema. "Ulimwambia mtoto wa watu mwaka jana."

"Tulikuwa tunaomba, mwaitu."

"Na mimi nilikuwa hapa. Miaka tisa nimelala nyumba hii na wewe ukija, ukienda, ukila chakula changu. Unalia kwamba rafiki ametoa siri yako. Siri ilikuwa yako? Yule alikuwa mume wangu."

Njia yote kutoka Kibwezi Mumbua alikuwa ameubeba uchungu wake akiamini hakuna mwenye haki nao zaidi yake.

"Yule Muthama," Kavata aliendelea, "miaka tisa sijamsalimu. Mkewe alipozikwa sikwenda. Nikiugua natuma mtu hadi mjini Sultan Hamud nisinunue kwake. Alikuja hapa mara mbili kuniuliza amenikosea nini, nikamfukuza. Aliapa hakufunga duka siku ile. Nikamwita mwongo mbele ya watu wa kanisa."

Aliinuka, akamimina punje guniani, akaingia ndani. Hawakusemezana tena siku hiyo. Mumbua alipika, mamake akala kidogo, akamshukuru kwa chakula kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Asubuhi Kavata alitoka amevaa gauni lake la Chama cha Akina Mama na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amebeba kuku amemfunga miguu.

"Unakwenda wapi, mwaitu?"

"Kwa Muthama."

Mumbua alisimama haraka, akatafuta viatu. "Ngoja twende wote. Mimi ndiye niliyekosa."

"Wewe utakwenda siku yako," mamake alisema. "Leo nakwenda na kosa langu."

Alimhamishia kuku mkono wa pili, akashika njia ya sokoni. Mumbua alibaki uani, kiatu kimoja mguuni, akimtazama mpaka kitambaa kile cheupe kikapotea nyuma ya mikonge.